Habari za Herufi za Mkato

Mzee mmoja, jirani yangu, alirudi kutoka hospitali ya mjini akiwa na vibahasha viwili vya dawa. Alinikuta barazani nikisahihisha madaftari ya watoto, nami nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, "Marahaba, mwalimu," kisha akakaa na kuninyoshea mkono. "Nisomee," akasema, "maana macho yangu hayaoni tena maandishi madogo." Nikavitwaa vile vibahasha. Juu ya cha kwanza paliandikwa tarakimu moja, na baada yake herufi O na D; juu ya cha pili palikuwa na tarakimu mbili, na baada yake T na D na S. Zaidi ya hayo hapakuwa na neno lolote. Niliona haya, wasomaji wapenzi. Miaka thelathini nimewafundisha watu kusoma, na siku ile herufi tano zilinishinda. Mzee hakunicheka. Alisema tu, kwa upole, ya kwamba basi ataendelea kuvinywa kama alivyokuwa akivinywa tangu juzi, vyote pamoja, kila akumbukapo.

Jambo hilo lilinisukuma kutafuta vitabuni habari za desturi hii ya kuyakata maneno hata zikabaki herufi za mwanzo tu, ambazo siku hizi wataalamu wa lugha huziita vifupisho au akronimu, nami hapa nitaziita herufi za mkato. Nilidhani ni desturi ya juzi juzi, iliyoletwa na haraka ya watu wa ofisini. Sivyo. Ni desturi ya kale sana, na wako wafalme waliopata kuikataza kwa sheria na kwa adhabu kali.

Kwanza na tuangalie kitu tunachokiona sisi wenyewe. Katika misalaba mingi, juu ya kichwa cha Bwana, kuna kibao chenye herufi nne: I, N, R, I. Watoto huniuliza maana yake kila mwaka, na mara nyingi wazazi wao huniuliza pia, wakipitia kwa watoto. Injili ya Yohana yasimulia kwamba Pilato aliandika anwani akaiweka juu ya msalaba, nayo iliandikwa kwa Kiebrania na Kilatini na Kiyunani, na Wayahudi wengi waliisoma kwa kuwa mahali pale palikuwa karibu na mji. Angalieni jambo hili: lugha tatu, kando ya njia, ili kila apitaye asome. Baadaye sana wachoraji na wachongaji, ambao vibao vyao vilikuwa vidogo, walitwaa yale maneno ya Kilatini, yaani Yesu Mnazareti Mfalme wa Wayahudi, wakabakiza herufi ya kwanza ya kila neno. Basi maandishi yaliyosomwa na wapita njia yamekuwa maandishi ya kufundishwa.

Kuna mfano wa pili, nao ni wa ajabu zaidi. Katika vitambaa vya madhabahu na katika vikombe huandikwa IHS. Asili yake ni Kiyunani. Wakristo wa kwanza walipoandika jina la Yesu katika vitabu vyao walilifupisha, wakaliwekea mstari juu, wala inaelekea si kwa kubana nafasi bali kwa heshima, kwa kuwa walifanya vivyo hivyo kwa jina la Mungu na jina Kristo. Herufi ya pili ya jina hilo katika Kiyunani hutamkwa kama i ndefu, lakini umbo lake ni kama H ya Kilatini. Miaka ilipita, Kiyunani kikasahauliwa katika nchi za magharibi, na watu waliiona H wasijue imetoka wapi. Ndipo wakazitafutia herufi zile maneno mapya ya Kilatini, yenye maana ya Yesu Mwokozi wa Wanadamu, na mpaka leo wako wanaoamini kwamba hiyo ndiyo asili yake. Hakuna aliyepata hasara, maana tafsiri ile ni ya kweli na ni njema. Lakini nawaomba mlikumbuke jambo hili mpaka nitakapolirudia mbele: herufi zikipoteza maneno yake hazikai tupu, mtu huja akatia maneno yake mwenyewe.

Warumi ndio waliokuwa mabingwa wa kukata maneno. Kuchonga jiwe ni kazi, na kila herufi ina ujira wake, basi juu ya majengo na katika fedha walichonga herufi nne, SPQR, maana yake Baraza na Watu wa Roma, na juu ya makaburi walichonga D na M, yaani kwa roho za marehemu. Herufi hizi hazikumsumbua mtu. Mtoto wa Roma alizikuta kila mahali tangu alipoanza kutembea, kama sisi tulivyozizoea herufi za vyama na mashirika ya nchi yetu.

Taabu ilianzia penginepo, kwa watu wa kazi maalum. Waandishi wa mahakama na mawakili walikuwa na maneno yao wanayoyarudia kila siku, nao wakayakata kila mmoja kwa namna yake. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo mtaalamu mmoja aitwaye Valerius Probus alitunga kitabu kizima cha kueleza herufi za mkato za sheria. Fikirini basi: kitabu cha sheria, na kando yake kitabu kingine cha kukifasiri, na mtu maskini mwenye kesi ya shamba lake hana hata kimoja.

Sasa nifike kwa Kaisari Justinian, ambaye habari yake ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Alitawala Constantinople, mji ambao leo huitwa Istanbul, tangu mwaka 527 hata 565. Alipoingia katika utawala alikuta sheria za Warumi zimekuwa kama msitu usiofyekwa. Maandiko ya wanasheria wakubwa wa zamani yalikuwa vitabu karibu 2,000, na mara nyingi kimoja chasema hivi na cha pili chasema vingine. Katika Desemba ya mwaka 530 alimwagiza waziri wake Tribonian, pamoja na wataalamu wengine, wavisome vyote, wachague yaliyo bora, wayakusanye katika kitabu kimoja. Kazi ile iliisha kwa miaka mitatu. Kaisari mwenyewe alisema ya kwamba mistari milioni 3 ilipunguzwa ikawa 150,000. Kitabu hicho huitwa Digesta, na mpaka leo nchi nyingi za Ulaya, na nchi zilizojifunza sheria kutoka kwao, zinakula matunda yake.

Katika agizo lile la mwaka 530, kabla hata kazi haijaanza, Kaisari alitia amri ya pekee. Alikataza kitabu kisiandikwe kwa herufi za mkato. Alizihesabu kuwa mitego na mafumbo, akasema zimekwisha kuleta mapingano mengi katika sheria za zamani. Kila neno liandikwe lote. Hata hesabu za vitabu na za sura zisiandikwe kwa alama za tarakimu, bali kwa maneno kamili. Nanyi mwaweza kuelewa sababu yake. Mwandishi mmoja akikata neno, na mwandishi wa pili akilinakili bila kulijua, na wa tatu akalijaza kwa kubahatisha, yule hakimu aliye mbali atahukumu kwa neno ambalo hakuna mtunga sheria aliyelisema kamwe. Shamba litakwenda kwa mtu asiye mwenyewe. Mtumwa aliyeachwa huru atarudishwa utumwani.

Kitabu kilipotolewa mwaka 533 Kaisari aliirudia amri ile, na safari hii akaiwekea meno. Mwandishi atakayethubutu kuandika sheria hizi kwa herufi za mkato ataadhibiwa kama mtu aliyeghushi hati. Nakala yenye herufi hizo haitakubaliwa mbele ya hakimu, hata kama ukurasa unaotajwa hauna kosa. Tena mtu akiwa amenunua nakala ya namna hiyo kwa kutojua, mwandishi atamlipa thamani yake mara mbili. Napenda sana sehemu hii ya mwisho. Kaisari hakumlaumu mnunuzi kwa ujinga wake. Aliiweka hasara juu ya yule ajuaye.

Je, amri ilitiiwa? Ilitiiwa mwanzoni. Iko nakala moja ya Digesta iliyoandikwa karibu na siku zile zile, ambayo zamani ilikaa Pisa, na tangu mwaka 1406 iko Florence katika nchi ya Italia. Wanaoichunguza huona kwamba maneno yake yameandikwa yote, karibu bila mkato wowote. Lakini miaka 600 baadaye, mafundisho ya sheria yalipofufuka katika mji wa Bologna, walimu na wanafunzi walianza upya kukata. Na kitabu chenyewe cha Kaisari, kile kilichokataza mikato, walikitaja kwa alama mbili tu, ff, ambazo wanasheria waliofuata walibishana wasijue vizuri zimetokana na nini. Sijui kama kuna kinyume kikubwa kuliko hicho katika historia ya vitabu.

Nisiwadhulumu waandishi wa zamani. Katika karne zile vitabu viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na kitabu kikubwa kilikula ngozi za kondoo au ndama kundi zima. Mkono huchoka, na ngozi ina bei. Mtawa aliyenakili Maandiko usiku kwa mwanga wa mshumaa na kukata maneno aliyoyajua kwa moyo, na ambayo wenzake pia waliyajua kwa moyo, hakumkosea mtu. Kosa huanza pale maandishi yanapomhusu mtu aliye nje ya chumba.

Jambo hili lilionekana wazi katika Uingereza. Huko kumbukumbu za mahakama ziliandikwa kwa Kilatini kilichokatwa katwa, tena kwa mwandiko wa pekee ambao watu wa mahakama peke yao waliweza kuusoma. Mtu aliyeitwa mahakamani alishika karatasi ya mashtaka yake mwenyewe asiweze kujua ameshtakiwa nini, ila amlipe mtu amsomee. Mwaka 1650, wakati nchi haikuwa na mfalme, bunge liliamuru Kiingereza kitumike. Lakini mfalme aliporudi mwaka 1660 mambo yakarudi kama kwanza. Hata mwaka 1731 bunge likatunga sheria tena, nayo ikaanza kutumika tarehe 25 Machi 1733. Utangulizi wake waeleza kwa wazi madhara yawapatayo watu kwa kuwa hawaelewi yanayosemwa kwa ajili yao au juu yao. Ikaamriwa kwamba kumbukumbu ziandikwe kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa kawaida unaosomeka, na maneno yaandikwe kwa urefu wake bila kukatwa. Atakayevunja alipe paundi 50, fedha nyingi sana kwa siku zile.

Waandishi walilalamika. Mwaka ule ule wa 1733 bunge lililegeza kamba kidogo, likaruhusu tarakimu, na mikato ile ambayo kila asomaye Kiingereza aliijua. Kwa maoni yangu bunge lilifanya vema, maana hakuna faida ya kumlazimisha mtu kuandika kwa urefu neno ambalo hata mtoto hulijua kwa ufupi. Lakini hata hivyo wako walionung'unika. Mwanasheria mkuu William Blackstone, katika vitabu vyake vilivyotoka kati ya 1765 na 1769, aliandika kwamba Kiingereza kirefu kimezidisha kurasa na gharama, na kwamba watu wa kawaida hawajui sheria zaidi ya walivyoijua zamani. Labda alisema kweli juu ya gharama. Juu ya lile la pili ningependa kumwuliza: mtu asiyejua sheria, lakini amejua kwamba ameshtakiwa kwa kuiba ng'ombe, je, hayuko mbele kuliko mtu asiyejua hata hilo?

Tangu hapo nitakwenda upesi mpaka karne ya 20, maana ndipo herufi za mkato zilipozaana kama nzige. Vita viwili vikuu vilizileta kwa wingi, kwa kuwa jeshi hutuma habari kwa simu ya upepo, na kila neno ni muda. Huko Marekani rais Franklin Roosevelt, alipoanza mwaka 1933 kupambana na ukosefu wa kazi, alianzisha idara nyingi mno, na karibu kila moja ilijulikana kwa herufi tatu: CCC ya vijana waliopanda miti, TVA ya mabwawa ya mto Tennessee, na nyingine nyingi zilizofuata. Kuna kichekesho kimoja cha wakati ule. Amiri jeshi mkuu wa manowari za Marekani aliitwa kwa mkato CINCUS. Ukilitamka neno hilo kwa sauti, masikio ya Kiingereza husikia maneno ya kusema "tuzamishe." Baada ya Wajapani kuzizamisha manowari katika Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, amiri mpya, Ernest King, hakutaka kuitwa hivyo hata siku moja, akachagua COMINCH.

Kwetu Afrika ya Mashariki herufi zilikuja na serikali na jeshi na misioni. Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, liliandikwa K.A.R., na babu zetu, ambao hawakuambiwa herufi zile zasimamia nini, walilitamka Keya, likawa neno la Kiswahili kamili. Askari wa Keya, vita vya Keya. Wengi waliingia katika Keya, wakapigana katika Keya mpaka Burma, wengine wakafa katika Keya, bila kujua kwamba wanabeba jina la mfalme. Wala sisi wa makanisa tusijione wasafi. Babu zetu walibatizwa na CMS, na UMCA, na LMS, wakazibeba herufi za Kiingereza kama jina la ukoo. Afadhali KKKT ya mwaka 1963, ambayo herufi zake ni za maneno yetu wenyewe, na Mkristo yeyote aweza kuzifungua akiulizwa: Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Hapo ndipo penye tofauti, nami nitaionyesha kwa habari ya huzuni. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ugonjwa mpya walitambuliwa katika mkoa wa Kagera. Watu walikuwa wamekwisha kuupa ugonjwa ule majina yao. Wengine waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyoletwa na biashara ya magendo. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita Slim kwa sababu ya kukonda. Kisha wakaja waganga na herufi zao za Kiingereza, AIDS, zilizoanza kutumika Marekani mwaka 1982. Herufi nne, na ndani yake hamna neno hata moja ambalo mtu wa kijijini angalilishika. Basi likatokea lile nililowaomba mlikumbuke. Vijana walizitia maneno yao wenyewe ya Kiswahili, maneno manne ya mzaha, moja kwa kila herufi. Sipendi kuyaandika hapa, ila maana yake ni kwamba ugonjwa na uniue, wasichana sitawaacha. Walicheka, wakaimba, na wengi wao tumewazika.

Lakini neno la pili lilikuja pia, UKIMWI. Litazameni jinsi lilivyotengenezwa. U ni ya Upungufu, KI ni ya Kinga, MWI ni ya Mwilini. Aliyelitunga hakuokota herufi moja moja. Alitwaa silabi zinazosikika, kutoka katika maneno ambayo mama yeyote ayajua. Mwalimu aliweza kulifungua mbele ya darasa kama mtu amenyavyo chungwa: kinga ya mwili imepunguka, ndiyo sababu kila ugonjwa mdogo wamwangusha mgonjwa. Ndani ya jina mlikuwamo fundisho. Sisemi kwamba jina peke yake liliokoa watu. Lakini mtu aliyelielewa alikuwa na kitu cha kushika. Nahuzunika kuona kwamba baada ya neno zuri namna hii vituo vya afya vimejaa tena CTC na ARV na PMTCT, na mama mjamzito huambiwa aende "pi-em-ti-si-ti," naye huenda, asijue kwamba ameitiwa jambo jema kabisa, yaani kumkinga mtoto wake asiambukizwe naye.

Sasa nirudi kwenye vile vibahasha. Waganga wa Ulaya waliandika maagizo ya dawa kwa Kilatini, na Kilatini kilipokufa midomoni mwao, mikato ilibaki. TDS ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya kwamba dawa inywewe mara tatu kwa siku. BD ni mara mbili kwa siku. OD, kwa desturi ya Waingereza, ni kila siku mara moja. Lakini kwa waganga wa macho OD ni maneno mengine ya Kilatini, nayo ni jicho la kulia. Vivyo hivyo PID katika cheti cha mgonjwa yaweza kuwa pingili ya uti wa mgongo iliyochomoza, au yaweza kuwa uambukizo katika viungo vya uzazi vya mwanamke. Mganga aandikaye ajua anachokusudia. Yule apokeaye cheti katika hospitali nyingine, usiku, na foleni mlangoni, hubahatisha.

Na kubahatisha kumeua. Insulini, dawa ya kisukari, ilitumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 huko Toronto, na hupimwa kwa uniti. Waganga walizoea kuandika U badala ya neno lenyewe, mathalani 4U. Mwandiko ukiwa wa haraka, na U ikifunga kichwa chake, huwa sifuri, na mgonjwa wa uniti 4 huchomwa uniti 40. Sukari ya damu hushuka ghafula, na mtu huzimia, wako wasioamka. Pengine herufi MS zilisomwa vibaya. Mwingine alizikusudia kuwa mofini, dawa ya maumivu makali, na mwingine alizisoma kuwa magnesiamu salfeti, ambayo hupewa mama mwenye kifafa cha mimba. Herufi mbili zile zile, kwa watu wawili wenye elimu ile ile, na kitandani mgonjwa mmoja.

Basi mwaka 2004 shirika linalokagua hospitali za Marekani, liitwalo Joint Commission, likafanya alichokifanya Justinian. Lilitoa orodha ya mikato iliyokatazwa katika maagizo ya mganga. U imo, iandikwe "uniti." IU imo, kwa kuwa ilisomwa IV, yaani dawa ya kutiwa mshipani, au ikasomwa kuwa kumi. Q.D., ambayo ni kila siku, imo, na Q.O.D., ambayo ni siku moja baada ya nyingine, kwa kuwa nukta moja iliyovimba yageuza ile kuwa hii. MS imo. Hata sifuri isiyo na kazi baada ya nukta ya desimali imekatazwa, kwa maana nukta isipoonekana moja huwa kumi. Hospitali isiyofuata huandikiwa kosa wakaguzi wanapopita. Nilipoisoma orodha ile nilifikiri juu ya wale waandishi wa Constantinople, ambao pia, nina hakika, walisema kwamba wana kazi nyingi na mkono unauma.

Naam, wana kazi nyingi. Nimepata kukaa katika chumba cha kungojea nikamwona mganga mmoja akiwaona watu zaidi ya 60 kabla ya adhuhuri, wala singependa kumwongezea mzigo. Lakini maneno "mara tatu kwa siku" huandikwa kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na yule mzee alikuwa amesafiri saa nne kwa basi kwa ajili yake.

Asubuhi ya siku ya pili nilifuatana naye mpaka zahanati yetu. Muuguzi, binti ambaye zamani nilimfundisha mimi, alivitazama vibahasha, kisha akamtazama mzee, akamwuliza, "Babu, umekuwa ukivinywaje?" Alipojibiwa alinyamaza kidogo. Vile vidonge vya kibahasha cha kwanza vilikuwa vya kushusha shinikizo la damu, kimoja tu kwa siku, na mzee alikuwa akinywa kimoja kila mara alipokunywa vile vingine. Akampima, akamlaza kitandani saa mbili chini ya macho yake, kisha akamruhusu. Akatwaa kalamu, akaandika juu ya kila kibahasha kwa herufi kubwa.

Mzee hakuridhika. Tulipofika nyumbani aliniomba nitwae mkaa niandike ukutani, karibu na kitanda chake, mahali ambapo mjukuu wake wa darasa la pili aweza kufikia kwa macho. Nikaandika: Cha bahasha nyeupe, kimoja, asubuhi tu. Vya bahasha ya kaki, viwili, asubuhi na adhuhuri na usiku. Mtoto akaitwa. Akasimama mbele ya ukuta, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma mpaka mwisho bila kusaidiwa, na babu yake akamwambia asome tena.